Kibao cha bastola kwenye mlango wa serikali: jinsi Texas inavyomtoza faini anayekitundika

Katika jimbo la Texas, kibao kinachokataza bastola kwenye mlango wa ofisi ya serikali kinaweza kuwa ndicho kosa lenyewe. Anayetozwa faini si mwenye bastola, bali ofisi iliyokitundika. Na faini hiyo huhesabiwa kwa siku, kati ya dola 1,000 na 1,500 kwa kila siku ambayo kibao kimekaa mahali ambapo sheria haikiruhusu. Ofisi ikirudia, kiwango hupanda hadi kati ya dola 10,000 na 10,500 kwa siku. Nimeishi huku muda wa kutosha kuyazoea mambo mengi, lakini hili kila ninapowasimulia jamaa zangu wa Tanga hunilazimu kulirudia, kwa sababu kwa mara ya kwanza wote hudhani nimeligeuza kichwa chini miguu juu.

Siwalaumu. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea ofisi ya serikali ambamo mlinzi wa getini ndiye sheria: akisema begi lifunguliwe, linafunguliwa, akisema simu izimwe, inazimwa, na hakuna anayethubutu kumwuliza ni kifungu kipi kinachompa mamlaka hayo. Kibao kikisema hairuhusiwi, basi hairuhusiwi. Mlinzi wa Texas anayemrudisha mlangoni mtu mwenye leseni ya bastola anaweza, kwa neno lake hilo moja, kuwa ameiingiza halmashauri yake katika kesi na Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Ili kuelewa imefikaje huko, ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa sheria hii haikushuka kwa siku moja, na kila tabaka lake liliwekwa kujibu hasira fulani.

Tarehe 16 Oktoba 1991, mtu mmoja aliivamia kwa gari mkahawa wa Luby's katika mji wa Killeen, akavunja kioo cha mbele, akashuka na kuwapiga risasi watu waliokuwa wakila chakula cha mchana. Waliouawa walikuwa 23. Miongoni mwa walionusurika alikuwa Suzanna Hupp, ambaye siku ile aliwapoteza baba na mama yake mbele ya macho yake, na ambaye bastola yake mwenyewe ilikuwa garini, nje, kwa sababu sheria ya wakati huo haikumruhusu kuibeba mkobani. Alikwenda kuueleza mkasa huo kila mahali palipokuwa na kamati ya kumsikiliza, na hatimaye akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la jimbo la Texas. Mwaka 1993 Gavana Ann Richards aliukataa mswada ulioelekea kuruhusu watu kubeba bastola kwa siri. Mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi na George W. Bush, na Bush akautia saini mswada wa namna hiyo mwaka 1995. Kuanzia Januari 1996, mkazi wa Texas aliyehudhuria mafunzo, akafaulu kulenga shabaha na kuchunguzwa kumbukumbu zake za uhalifu, aliweza kupewa leseni ya kubeba bastola aliyoificha ndani ya nguo.

Mara tu leseni zilipoanza kutoka, wenye maduka, makanisa na ofisi walianza kubandika vibao vyao. Kila mmoja alibandika alivyojua: wengine picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu, wengine karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, wengine maneno mawili tu chini ya saa za kazi. Wenye leseni wakalalamika, na nadhani walikuwa na hoja, kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kutokuona karatasi ya ukubwa wa kiganja. Bunge likajibu mwaka 1997 kwa kuweka katika Kanuni ya Adhabu kifungu namba 30.06, ambacho hadi leo hutajwa kwa namba yake kama vile ni jina la mtu. Kifungu hicho kiliandika ilani yenyewe, neno kwa neno, na kuagiza iandikwe kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kwa herufi kubwa za kimo kisichopungua inchi moja, kwa rangi zinazotofautiana na usuli wake, na iwekwe mahali panapoonekana wazi na umma. Ilani hiyo inaitaja sheria kwa kifungu, inaitaja sura ya leseni, kisha ndipo inapofika kwenye katazo.

Ukizipanga herufi za inchi moja katika lugha mbili utaona kwamba hicho si kibao tena, bali ni bango. Ninalolijua vizuri liko katika jengo moja la biashara ninalopita kila wiki: plastiki nyeupe, herufi nyeusi, Kiingereza juu na Kihispania chini, na limechukua karibu nusu ya kioo cha mlango hivi kwamba mtu aliye ndani huonekana kuanzia mabega kwenda juu tu. Ndivyo wabunge walivyokusudia. Mwenye mali ana haki ya kukataza, lakini alipie haki hiyo kwa kuuharibu mlango wake.

Ile picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu, ambayo macho yetu huielewa kwa haraka kuliko maandishi yoyote, kwa mwenye leseni wa Texas haina nguvu ya ilani ya kifungu 30.06. Katika jimbo la Illinois, ambalo lilikuwa la mwisho nchini kuruhusu ubebaji wa siri, mwaka 2013, mambo ni kinyume kabisa: Polisi ya Jimbo ndiyo iliyochora kibao rasmi, chenye picha hiyo hiyo, cha inchi nne kwa sita, na silaha kwa jumla haziruhusiwi katika majengo ya serikali. Msafiri anayetoka Chicago kwenda Dallas anaikuta picha ile ile mlangoni, lakini aliyoiacha ilikuwa amri na anayoikuta ni pambo. Kwa kweli sijui ni nani angetegemea raia wa kawaida alitambue hilo bila kufundishwa.

Sasa tufike serikalini. Kifungu cha 1997 hakikutofautisha sana duka na ofisi ya jiji, hivyo miji na kaunti kadhaa zilitundika ilani za 30.06 kwenye maktaba, kumbi na ofisi za kulipia maji. Mwaka 2003 Bunge likasema hapana: mwenye leseni hatatiwa hatiani kwa kifungu hicho akiwa katika mali inayomilikiwa au kukodiwa na chombo cha serikali, isipokuwa mahali ambapo sheria nyingine imeshakataza silaha. Hoja ya waliopigania badiliko hilo ni rahisi kuifuata hata kama huipendi. Mwenye duka anatetea mali yake. Lakini ofisi ya kaunti ni ya nani? Ni ya wananchi, na mwananchi huyo ameshapewa leseni na serikali hiyo hiyo, baada ya kupimwa na serikali hiyo hiyo. Itakuwaje mkono mmoja wa serikali umpe ruhusa na mkono mwingine umzuie mlangoni anapokwenda kulipa kodi?

Tatizo ni kwamba katazo hilo halikuwa na adhabu, na vibao vilibaki palepale. Viliendelea kumwambia mwananchi jambo ambalo halikuwa kweli kisheria, na aliyekuwa hajui aliirudisha bastola garini na kuingia mikono mitupu. Hali ilidumu hivyo kwa miaka 12, hadi mwaka 2015, Bunge lilipopitisha mswada wa Seneti namba 273 uliozaa kifungu 411.209 cha Kanuni ya Serikali, na hapo ndipo faini nilizozitaja mwanzoni zilipoanza. Utaratibu wake unastahili kuelezwa, kwa sababu umemweka raia wa kawaida katika nafasi ya mkaguzi. Mkazi wa Texas au mtu yeyote mwenye leseni akikuta kibao anachoamini si halali, huiandikia ofisi husika kuitaarifu. Ofisi ina siku tatu za kazi kukiondoa. Isipokiondoa, mlalamikaji huipeleka barua ile pamoja na ushahidi wa mahali kibao kilipo kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye huchunguza, na akiona lalamiko lina msingi huipa ofisi siku 15 za kujirekebisha kabla ya kuifikisha mahakamani. Kinga ya kawaida ya serikali dhidi ya kushtakiwa imeondolewa waziwazi. Na fedha za faini zikilipwa huingia katika mfuko wa kuwafidia waathirika wa uhalifu, jambo ambalo kila upande wa mjadala huu unaweza kulitafsiri kwa namna inayoupendeza.

Lakini pasidhaniwe kwamba ofisi zote za serikali ziko wazi. Kifungu 46.03 cha Kanuni ya Adhabu kimeorodhesha mahali ambapo silaha ni marufuku hata kwa mwenye leseni: shule, kituo cha kupigia kura siku za kura, mahakama na ofisi zinazotumiwa na mahakama, eneo la uwanja wa ndege lililopita ukaguzi, hata umbali wa futi 1,000 kutoka mahali panapotekelezewa adhabu ya kifo, siku ya kutekelezwa kwake. Baadaye kiliongezewa chumba ambamo chombo cha serikali kinafanya mkutano wa hadhara, mradi ilani imewekwa. Hapa si suala la faini ndogo. Anayeingia na bastola kinyume cha ilani ya 30.06 dukani hutozwa faini isiyozidi dola 200, na mambo huwa makubwa pale tu anapoambiwa atoke akakataa. Lakini anayeingia nayo mahakamani anakabiliwa na kosa kubwa la jinai, ambalo kifungo chake ni kuanzia miaka miwili hadi kumi.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba sehemu kubwa haikatazi jengo, bali inakataza shughuli. Maktaba ya mtaa ni mahali pa kawaida mwezi mzima, kisha upigaji kura wa mapema unaanza na inageuka kituo cha kura. Mwenye bastola aliyeingia kihalali Ijumaa anakuwa mhalifu Jumatatu katika mlango ule ule. Ukumbi wa baraza la mji nao hubadilika kwa saa. Nimeshuhudia mtumishi wa mji mmoja mdogo akiingia kabla ya kikao amebeba ilani kwenye stendi ya mbao ya miguu mitatu, akaiegesha nje ya mlango wa chumba cha mikutano, akarudi nyuma hatua mbili kuhakikisha inaonekana kutoka kwenye ngazi. Kikao kilipofungwa na watu wakiwa bado wanasalimiana, aliikunja na kuirudisha stoo. Nilidhani ni mtu wa vitendo vya kiofisi kupita kiasi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba hana hiari: katazo linaishi muda wa mkutano na ndani ya chumba hicho tu, na ilani ikibaki pale mkutano ukiisha inakuwa imeshaanza kusema uongo.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, umetokana na majengo ya mahakama za kaunti. Anayezijua kaunti za Texas anajua kwamba jengo la mahakama si la mahakama peke yake. Ni jengo la zamani katikati ya mji, na ndani yake kuna karani anayesajili ndoa na hati za ardhi, ofisi ya kodi, mhasibu, pengine hata ofisi ya maveterani, na ghorofa ya juu ndipo alipo jaji. Je, jengo zima ni mahakama, au ni ile ghorofa tu? Sheria inasema mahakama na ofisi zinazotumiwa na mahakama, na inaeleza kwamba mahali palipokatazwa panaweza kuwa jengo au sehemu ya jengo. Desemba 2015 Mwanasheria Mkuu Ken Paxton alitoa maoni rasmi kwamba marufuku inahusu vyumba vya mahakama na zile ofisi ambazo mahakama haiwezi kuendesha kazi zake bila hizo, wala si kila chumba kilichobahatika kuwa chini ya paa hilo.

Kaunti ya Waller, kaskazini magharibi mwa Houston, haikukubali. Ilikuwa imeliwekea ilani jengo lake lote la mahakama mjini Hempstead, na mtetezi mmoja wa haki za silaha alipoiandikia barua kama sheria inavyomwelekeza, kaunti ilijibu kwa kumfungulia mlalamikaji huyo kesi, ikiiomba mahakama itamke kwamba kibao chake ni halali. Huo ndio mwenendo ulionishangaza kuliko yote katika habari hii. Hata anayeichukia sheria ya 2015 kwa moyo wote anapaswa kujiuliza kama ni sawa raia aandike barua aliyoruhusiwa na sheria kuiandika, kisha apelekwe mahakamani na serikali yake kwa sababu ya barua hiyo, agharimie wakili kwa fedha zake huku upande wa pili ukigharimiwa kwa kodi, ikiwemo yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Houston iliitupa kesi ya kaunti kwa hoja kwamba mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri la namna hiyo dhidi ya mlalamikaji.

Hata hivyo, kuhusu jambo lenyewe, kaunti za aina hiyo zina hoja ambayo maoni ya Mwanasheria Mkuu hayakuimaliza. Watu wanaokwenda kortini kugombania talaka, malezi ya watoto au amri ya kumzuia mume mwenye kupiga hawaonani chumba cha mahakama tu. Wanakutana kwenye ngazi, kwenye korido, mbele ya mashine ya soda, mlangoni kwa karani. Ukiweka mashine ya kukagua vyuma mlango mkuu umewalinda wote, lakini umemzuia pia mwenye leseni aliyekuja kusajili gari. Ukiiweka mbele ya chumba cha jaji, umelinda chumba na kuiacha korido. Kaunti tajiri hujenga jengo lingine kwa ajili ya mahakama na shida ikaisha; kaunti maskini yenye jengo moja la tangu enzi za mababu haina pa kuipeleka ofisi ya kodi. Sheria iliyoandikwa mjini Austin, mji mkuu wa jimbo, ilichukulia kwamba shughuli za serikali zimepangwa katika vyumba vinavyoeleweka, na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni katika ofisi ya kaunti anajua sivyo.

Mji mkuu wenyewe nao haukuwa umesalimika. Ukumbi wa Jiji la Austin ulikuwa na alama ya bastola iliyopigwa mstari, na walinzi waliwarudisha wenye leseni kwa mdomo. Lalamiko lilipofika kwa Mwanasheria Mkuu, jimbo lililishtaki jiji mwaka 2016, na Januari 2019 jaji wa Kaunti ya Travis akaamua kwamba jiji lilivunja sheria, akalitoza dola 1,500 kwa kila siku kwa siku sita, yaani dola 9,000. Kwa bajeti ya jiji kubwa kama Austin hiyo ni fedha ya kununulia viti. Lakini wanasheria wa miji mingine waliusoma uamuzi huo kwa makini, na mwaka huo huo wa 2019 Bunge lilizidi kukaza kamba kwa kupanua maneno ya kifungu, ili kisihusu vibao pekee bali hatua yoyote ya ofisi inayoeleza, au kumfanya mtu aelewe, kwamba mwenye leseni hawezi kuingia. Tangu hapo hata maneno ya mlinzi yanahesabika.

Wakati Austin ikitozwa faini kwa ajili ya Ukumbi wa Jiji, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwenye jengo la Bunge la jimbo, utaratibu ulikuwa umeshageuka kichekesho. Mashine za kukagua vyuma ziliwekwa milangoni mwaka 2010 baada ya mtu mmoja kufyatua risasi hewani kwenye ngazi za jengo. Kwa kuwa wenye leseni wanaruhusiwa kuingia na bastola, hakuna maana ya kuwapitisha kwenye mashine. Wao huonyesha kadi na kupita pembeni. Mawakala wanaokwenda kuwashawishi wabunge, pamoja na watumishi walioingia na kutoka mara kadhaa kwa siku, waligundua mapema kwamba njia ya haraka ya kuingia bungeni ni kuchukua leseni ya bastola, hata kama hawana bastola. Nchi yetu nayo ina watu wenye vipaji vya kukwepa foleni, lakini sidhani kama tumewahi kufika hapo.

Kisha kuna mali ya serikali iliyo mikononi mwa mtu binafsi. Maonyesho ya Jimbo la Texas hufanyika kila mwaka mjini Dallas, katika viwanja vya Fair Park ambavyo ni mali ya jiji, lakini huendeshwa na taasisi binafsi isiyo ya kibiashara iliyovikodi. Baada ya watu watatu kujeruhiwa kwa risasi katika maonyesho ya 2023, waandaaji walitangaza kwamba mwaka 2024 hakuna raia atakayeingia na silaha, awe na leseni au asiwe nayo. Mwanasheria Mkuu alikwenda mahakamani akidai kwamba jiji linajificha nyuma ya mpangaji wake. Ugumu wake ulikuwa kwamba mwaka 2016 ofisi yake mwenyewe ilitoa maoni kwamba mpangaji binafsi aliyekodi mali ya serikali anaweza kuweka ilani bila serikali hiyo kutozwa faini, ikiwa serikali haina mkono katika uamuzi huo. Safari hii aliyaondoa maoni hayo. Mahakama ya Juu ya Texas ilikataa kulizuia katazo hilo kabla ya maonyesho kufunguliwa Septemba 2024, na watu wakaingia bila bastola.

Mabadiliko ya 2021 yameongeza tabaka jingine. Tangu Septemba mwaka huo, mtu wa miaka 21 au zaidi asiyezuiliwa na sheria nyingine anaweza kubeba bastola Texas bila leseni yoyote. Mtu angedhani leseni imekufa, lakini haikufa, na sababu moja inahusu milango hii hii: kifungu cha faini kinamlinda mwenye leseni, si kila mbebaji. Aidha, kwa kuwa sasa kuna wabebaji wa aina tatu, yaani aliyeficha kwa leseni, aliyeivaa waziwazi kwa leseni na asiye na leseni kabisa, mwenye mali anayetaka kuwakataa wote analazimika kuweka ilani tatu, za vifungu 30.05, 30.06 na 30.07, kila moja kwa lugha mbili na kwa herufi za inchi moja. Ipo milango ambayo huwezi tena kuona kama duka limefunguliwa.

Wasomaji wangu wengi walio Houston, Dallas na Fort Worth si raia wa Marekani bado, na kwao napenda kuongeza jambo la ofisi za shirikisho, kwa kuwa ndizo wanazokwenda zaidi: ofisi ya uhamiaji, ofisi ya hifadhi ya jamii. Sheria zote za Texas nilizozieleza hazihusu ofisi hizo. Kwenye majengo ya shirikisho silaha ni marufuku kwa sheria ya nchi nzima, na leseni ya jimbo haisaidii kitu. Sheria hiyo inaagiza ilani iwekwe kila mlango unaotumiwa na umma, na adhabu ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au miwili kwa mahakama za shirikisho. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kupata leseni ya bastola Texas kama raia, na wapo wenzetu walionazo, hasa madereva wa malori na wenye maduka ya usiku. Lakini raia akitiwa hatiani kwa kosa la kubeba silaha hulipa faini au hufungwa, kisha hurudi nyumbani. Asiye raia ana hesabu ya pili, kwani sheria ya uhamiaji inalitaja kosa la kumiliki au kubeba bunduki au bastola kinyume cha sheria kuwa sababu ya kumwondoa mtu nchini, na haiulizi kama alikuwa na nia mbaya au aliisahau tu kiunoni alipokwenda kulipa tiketi ya barabarani.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya sheria ya 2015 yamegawanyika. Naunga mkono msingi wake, kwamba serikali isimtishe mwananchi kwa katazo ambalo haina mamlaka nalo. Ningependa msingi huo uhame utufikie na sisi, katika mambo mengine mengi yasiyohusu bastola. Ninachokipinga ni jinsi ulivyoegemea upande mmoja. Ofisi iliyoweka kibao kisichostahili inatozwa faini kila siku. Ofisi iliyoacha kuweka kibao mahali ambapo katazo ni la kweli haitozwi hata senti. Mahakama ya kaunti ni marufuku kwa bastola iwe imeandikwa mlangoni au haikuandikwa. Mwaka 2021 wabunge walilegeza kidogo, wakampa utetezi mtu anayeondoka mara moja anapoambiwa, mradi hapakuwa na ilani sahihi alipoingia. Lakini utetezi hutolewa mbele ya jaji, baada ya pingu na dhamana, si mlangoni. Na ofisi iliyokwisha kuonywa juu ya faini za 411.209 ina kila sababu ya kuogopa kibao kuliko kuogopa ukimya, hasa katika yale majengo ya mchanganyiko ambako hakuna anayejua kwa hakika mpaka wa mahakama unaishia ngazi ya ngapi. Bunge linakutana kila baada ya miaka miwili. Lingeweza, kwa aya moja, kuzilazimisha kaunti kuonyesha mlango mkuu ni ghorofa zipi zilizokatazwa na zipi zilizo wazi, na kuitoza faini ile ile kaunti isiyofanya hivyo.